Bronkiolitisi kwa watoto wachanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama sasa hivi mtoto anasita kupumua, ulimi au fizi zimekuwa za bluu au kijivu, amelegea au haamki vizuri, acha kusoma umpeleke hospitali. Mengine yote hapa chini yanaweza kusubiri.

## Ugonjwa wenyewe

Bronkiolitisi ni nini?

Ni maambukizi ya virusi kwenye vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu, vile vya mwisho kabla hewa haijafika kwenye vifuko vyake. Kuta za vijia huvimba, seli zake hufa na kubanduka, na mabaki hayo yakichanganyika na makamasi huziba njia. Hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Ndiyo maana kifua cha mtoto hutuna na mluzi husikika anaposhusha pumzi.

Mtoto mchanga huumia kwa sababu vijia vyake ni vyembamba tangu mwanzo. Upana wa kijia ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka takriban mara 16. Virusi vilevile vinavyompa mtu mzima mafua ya siku nne humwacha mtoto wa miezi mitatu akihema.

Husababishwa na nini?

Virusi vya RSV (aina ya virusi vinavyoshambulia njia ya hewa) ndivyo vinavyoongoza kwa mbali. Vingine ni rinovirusi, metanyumovirusi, parainfluenza, adenovirusi na baadhi ya virusi vya korona, na mara nyingine mtoto huwa na aina mbili kwa pamoja. Karibu kila mtoto huwa ameshaambukizwa RSV kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi hupata mafua tu. Upepo na maji ya kuoga havileti ugonjwa huu. Mara nyingi huletwa na mtu wa nyumbani mwenye mafua ambayo yeye mwenyewe hayajali.

Huwapata watoto wa umri gani?

Walio chini ya miaka miwili, wengi wao katika mwaka wa kwanza, na hasa kati ya miezi mitatu na sita. Mtoto wa miaka minne anayetoa mluzi kifuani atafutiwe sababu nyingine, hasa pumu.

Ugonjwa huendaje siku kwa siku?

Siku mbili tatu za kwanza ni makamasi, chafya na pengine homa ndogo. Kisha kikohozi huanza, pumzi huwa za haraka na mluzi husikika. Kati ya siku ya 3 na ya 5 ndipo hali huwa mbaya kuliko siku zote, halafu hutulia kidogo kidogo. Wengi hupata nafuu ya kweli ndani ya wiki mbili. Kikohozi hubaki nyuma, na kufika wiki ya tatu si ajabu.

Hesabu kuanzia siku makamasi yalipoanza, na uiandike mahali. Daktari ataiuliza, na kwa sababu nzuri: mtoto anayehema kiasi siku ya 2 bado anapanda mlima, ilhali anayehema vilevile siku ya 6 huenda ameshaanza kushuka. Wa kwanza ndiye wa kuangaliwa kwa makini zaidi, hata kama kwa macho wanafanana.

Nitaitofautishaje na nimonia, pumu au kifaduro?

Huhitaji kuwa na uhakika ukiwa nyumbani, maana dalili za hatari ni zilezile. Ila kuna vidokezo. Bronkiolitisi huanza na makamasi, na homa kwa kawaida haifiki nyuzi 39. Homa kali zaidi, hasa mtoto akionekana mgonjwa sana, humfanya daktari afikirie nimonia. Pumu hujirudia, na ni vigumu kuithibitisha kabla ya mwaka mmoja. Kifaduro huja kwa vipindi vya kikohozi mfululizo mpaka uso unakuwa mwekundu au wa bluu, mara nyingi hufuatwa na kutapika, na kati ya vipindi hivyo mtoto hupumua vizuri.

## Kutambua hatari

Nihesabuje pumzi za mtoto?

Subiri atulie, ikiwezekana awe amelala. Usihesabu akiwa analia au ananyonya. Pandisha nguo hadi uone tumbo na kifua, kisha hesabu kila kinapoinuka kwa dakika nzima kwa kutumia saa. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hupotosha, kwa kuwa watoto wachanga hupumua kwa mafungu: haraka kidogo, polepole kidogo. Ukipata idadi kubwa, rudia baada ya dakika chache.

Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kuanzia mwaka mmoja. Zikizidi 70 kwa umri wowote, ni dharura. Homa nayo huongeza kasi, hivyo kama mtoto ana joto na yu mchangamfu, hesabu tena homa ikishuka.

Kifua kubonyea kunaonekanaje?

Tazama sehemu ya chini ya mbavu mtoto anapovuta hewa. Kwa kawaida kifua na tumbo huinuka pamoja. Kifua kikibonyea, sehemu hiyo huingia ndani wakati tumbo linatoka nje, kila pumzi. Ishara nyingine za mtoto anayetumia nguvu nyingi ni matundu ya pua kutanuka, shimo la juu ya mfupa wa kifua kuzama, kichwa kutikisika kwa kila pumzi, na kuguna kidogo anapotoa hewa. Kuguna huko hupuuzwa sana kwa sababu husikika kama mtoto anajiongelesha. Ni mwili unaojaribu kuzuia mapafu yasisinyae.

Ni lini nimpeleke hospitali?

Mara moja, mchana au usiku:

- anasita kupumua, au unalazimika kumgusa ili aendelee
- ulimi, fizi au ndani ya midomo ni bluu au kijivu (kwa ngozi nyeusi angalia hapo, usitegemee rangi ya uso)
- anaguna, kifua kinabonyea sana, au pumzi zimezidi 70
- amelegea, haamki vizuri, au amechoka hata hana nguvu ya kulia
- hawezi kunyonya kabisa au anatapika kila kitu
- amepata degedege

Siku hiyohiyo, bila kungoja kesho: pumzi ni za haraka kwa umri wake, ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake, hajakojoa kwa saa 12, utosi umebonyea, au ana umri wa chini ya miezi mitatu na joto limefika nyuzi 38. Mtoto aliye kwenye kundi lililotajwa chini ya "Hali za pekee" apelekwe mapema, hata dalili zikiwa ndogo.

Mtoto anakohoa sana lakini ananyonya vizuri. Niogope?

Kikohozi kinachosumbua usiku kucha kwa mtoto anayenyonya, anayekojoa na kutabasamu kinachosha wazazi kuliko kinavyomdhuru yeye. Wa kuhofiwa zaidi ni mtoto aliyenyamaza: hakohoi sana, halii sana, anaachia titi baada ya mivuto mitatu. Kunyonya ni kazi ngumu kuliko zote anazofanya, na humbidi aratibu kuvuta, kumeza na kupumua kwa zamu. Pumzi zikianza kumshinda, kunyonya ndiko huharibika mwanzo. Kwa hiyo usiulize tu "anakohoaje?", uliza "amenyonya kiasi gani tangu asubuhi?"

Vilevile mluzi ukitoweka ghafla huku mtoto anazidi kuchoka, si nafuu. Huenda hewa inayopita imekuwa kidogo mno kutoa sauti.

Oksimita ya kidole inasaidia?

Oksimita ni kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kwenye damu. Ile ya mtu mzima haimkai mtoto, na namba zake haziaminiki kwa kidole kidogo kinachotikisika. Pia oksimita huweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Namba nzuri isikuzuie kumpeleka mtoto ambaye macho yako yanakuambia anahangaika.

## Matunzo nyumbani

Nimpe dawa gani?

Hakuna dawa inayofupisha ugonjwa huu. Kazi ya nyumbani ni tatu: pua iwe wazi, mtoto apate maziwa ya kutosha, na mtu awe macho kuangalia dalili za hatari. Inaonekana kama kutofanya chochote. Ukiifanya kwa siku tano utaona si hivyo.

Pua nizisafisheje?

Mtoto wa miezi michache hupumulia pua karibu muda wote, kwa hiyo makamasi peke yake yanaweza kumnyima pumzi na maziwa. Tumia matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa tayari, yenye asilimia 0.9. Ya kujitengenezea mara nyingi huwa na chumvi nyingi na huwasha, na maji yasiyo salama huongeza maradhi.

Mlaze chali, dondosha matone mawili au matatu kwenye tundu moja, ngoja kama dakika moja makamasi yalainike. Minya kifyonzio cha mpira ukiwa bado hujakiingiza, vinginevyo unampulizia makamasi ndani. Weka ncha mlangoni mwa tundu tu, uachie mpira taratibu. Futa, kisha fanya tundu la pili. Wakati mzuri ni muda mfupi kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Ukifanya baada ya kunyonya, atatapika.

Mara tatu au nne kwa siku zinawatosha wengi. Kufyonza kila saa huvimbisha ndani ya pua na kutoa damu, na pua iliyovimba huziba kuliko ile yenye makamasi. Ukimaliza, osha kifyonzio kwa maji ya moto na sabuni, kamua maji yote, kikaushe. Unyevu ukibaki ndani huota kuvu.

Nimlisheje akiwa anahema?

Kidogo kidogo, mara nyingi. Aliyekuwa akinywa mililita 120 kila baada ya saa tatu apewe 60 kila baada ya saa moja na nusu. Anayenyonya titi anyonye kwa vipindi vifupi, apumzike, arudi. Mshike wima kidogo. Akichoka kuvuta, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, akiwa macho kabisa.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, kiasi cha kawaida kwa siku ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 6 hunywa kama mililita 900, na akishuka chini ya 450 amefika kwenye nusu ile iliyotajwa juu. Kwa anayenyonya titi hesabu nepi: zenye mkojo zikipungua sana, maziwa hayatoshi.

Aliye chini ya miezi sita asipewe maji matupu. Hujaza tumbo bila lishe na hupunguza chumvi mwilini mpaka kuweza kuleta degedege. Na mtoto ambaye pumzi zimefika 60 au zaidi na anapaliwa kila anapomeza asilazimishwe. Maziwa yataingia njia ya hewa. Huyo ni wa hospitali.

Ana homa. Nimpe nini?

Homa ndogo kwa mtoto mchangamfu haihitaji dawa. Akisumbuka, parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne ndani ya saa 24. Chini ya miezi mitatu, aonwe na daktari kwanza. Kwa mtoto wa kilo 6 ni miligramu 60 hadi 90.

Soma chupa kabla ya kupima, kwa maana hapa ndipo watu hukosea. Sirapu ya miligramu 120 katika mililita 5 itampa kipimo hicho kwa mililita 2.5 hadi 3.75. Matone ya miligramu 100 katika mililita 1 yanatosha mililita 0.6 hadi 0.9 tu. Ukimimina matone kwa kipimo cha sirapu umempa mara nne zaidi, na ini ndilo hulipa. Tumia sirinji, si kijiko cha chai. Aspirini haipewi mtoto.

Vipi mvuke, asali, dawa za kikohozi au za kupaka kifuani?

Mvuke haujaonyesha faida, na watoto wameungua vibaya kwa maji yaliyomwagika. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli. Sirapu za kikohozi na mafua hazisaidii umri huu, na baadhi hulegeza mtoto mpaka pumzi zinapungua. Za kupaka zenye kafuri au mentholi huwasha njia ya hewa na kuongeza makamasi.

Kitu kimoja cha kuondoa kina maana kuliko vyote hivyo: moshi, uwe wa sigara au wa jiko. Kuvutia sigara nje ni bora kuliko ndani, ingawa moshi hurudi na nguo.

Alaleje?

Chali, juu ya godoro tambarare na gumu, bila mto. Kuinua kichwa kwa mito kunaonekana kusaidia, lakini mtoto huteleza na shingo hujikunja, na shingo iliyojikunja huziba hewa. Akiwa macho, kumbeba wima kifuani kwako ni sawa kabisa.

## Akifika hospitali

Watamfanyia nini?

Yaleyale ya nyumbani kwa vifaa zaidi. Atapimwa oksijeni, na ikiwa chini ya asilimia 90 atawekewa kwa vimirija vya puani (wengine huanza mapema zaidi kwa mtoto wa chini ya wiki sita). Asipoweza kunyonya, maziwa hupitishwa kwa mrija mwembamba wa puani hadi tumboni, au hupewa maji ya mshipa. Wachache huhitaji mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo. Ataruhusiwa akiwa ananyonya vya kutosha na oksijeni inabaki sawa bila msaada, hata akiwa usingizini.

Kwa nini hawakumpa antibayotiki wala nebulaiza?

Antibayotiki huua bakteria, na hawa ni virusi. Hutolewa pale tu kuna ushahidi wa maambukizi ya bakteria juu yake, kwa mfano nimonia au sikio.

Nebulaiza ni mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, na dawa hiyo kwa kawaida ni salbutamoli. Salbutamoli hulegeza misuli iliyobana njia ya hewa, kama inavyokuwa kwenye pumu. Hapa njia imezibwa na uvimbe na makamasi, kwa hiyo dawa haina pa kushika, ila itamwongezea mapigo ya moyo. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, nazo zimejaribiwa kwa ugonjwa huu bila kuonyesha faida. Picha ya kifua na vipimo vya damu si lazima kwa kila mtoto. Picha ya bronkiolitisi mara nyingi hufanana na ya nimonia, na matokeo yake ni antibayotiki zisizohitajika. Daktari anayesikiliza kifua, akahesabu pumzi, akauliza kuhusu kunyonya na kukuambia urudi lini amefanya kazi yake.

## Maambukizi na kinga

Huambukizaje, na kwa muda gani?

Kwa matone ya kikohozi na chafya, na zaidi kwa mikono. RSV huweza kuishi saa kadhaa kwenye vitu vigumu kama meza na vidoli. Mgonjwa huambukiza kwa siku 3 hadi 8, lakini mtoto mchanga anaweza kuendelea hadi wiki nne. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, na mwenye mafua asimbusu usoni wala mikononi. Kaka na dada zake ndio njia kuu ya virusi kuingia. Maziwa ya mama hupunguza ukali wa ugonjwa.

Kuna chanjo?

Kuna njia mbili za kumkinga na RSV, na kwa kawaida mtoto huhitaji moja tu. Ya kwanza ni chanjo anayochomwa mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kuanzia wiki ya 28, na baadhi ya nchi huanzia wiki ya 32. Kingamwili za mama hupita kwa mtoto kabla hajazaliwa, kwa hiyo akizaliwa ndani ya wiki mbili baada ya sindano, kinga huenda isitoshe. Ya pili ni nirsevimab, kingamwili iliyo tayari, anayochomwa mtoto mwenyewe mara moja na kumkinga kwa takriban miezi mitano au zaidi. Mwaka 2025 shirika hilo lilipendekeza kila nchi ianzishe mojawapo. Uliza kliniki ya wajawazito kama ipo. Hazizuii virusi vingine vilivyotajwa mwanzoni.

## Hali za pekee

Ni watoto gani wanaohitaji tahadhari zaidi?

Walio chini ya miezi mitatu, waliozaliwa kabla ya wiki 37 (hasa kabla ya 32), wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa au wa mapafu wa kudumu, wenye kinga dhaifu, wenye udhaifu wa misuli, na wenye hali ya Down. Hawa wanaweza kuzidiwa ndani ya saa chache.

Mtoto wangu ana wiki nne na anasita kupumua, lakini hakohoi. Inaweza kuwa hii?

Ndiyo. Kwa mtoto wa wiki za mwanzo, hasa njiti, kusita kupumua huweza kuwa dalili ya kwanza kabla ya kikohozi. Mtoto mwenye afya husita sekunde 5 hadi 10 akiwa usingizini na kuendelea mwenyewe. Hilo ni la kawaida. Kusita kirefu zaidi, au kwa mtoto mwenye mafua, au kunakoambatana na kubadilika rangi, ni dharura.

Homa iliisha, sasa imerudi siku ya 7. Kwa nini?

Huenda bakteria wamepata nafasi, mara nyingi kwenye sikio, mara chache kwenye mapafu. Apelekwe akapimwe, asianzishiwe antibayotiki zilizobaki nyumbani.

Anaweza kuugua tena, na je, atapata pumu?

Anaweza, hata ndani ya mwaka uleule, kwa kuwa kinga ya RSV haidumu na virusi ni vingi. Mara ya pili kwa kawaida huwa nyepesi. Waliolazwa kwa bronkiolitisi hupata mluzi na pumu kwa wingi zaidi baadaye, ingawa haijathibitika kama ugonjwa ndio chanzo au ulifichua tu mapafu yaliyokuwa na mwelekeo huo. Mluzi ukirudi kila anapopata mafua, au kikohozi kikipita wiki nne, arudi kwa daktari.

Chanjo zake za kawaida ziahirishwe?

Mafua na kikohozi kilichobaki si sababu. Akiwa na homa au bado anahema, subiri apate nafuu kisha umpeleke bila kungoja tarehe ya kliniki inayofuata, maana ratiba haianzi upya: huendelea pale ilipoishia.